Winga wangu ana miaka 16, kakutwa na bangi. Kamati inataka afungiwe maisha, mimi kocha wake nakataa

#1 Kocha wa Mchangani

Wakuu, habari za jioni.

Niko Tanga mjini. Nafundisha timu ya mtaa ya vijana chini ya miaka 17, ile ya kuchangishana mia tano mia tano kununua mpira. Jumamosi hii kamati yetu inakaa kumjadili mchezaji mmoja. Nimelileta humu kwa sababu kwenye kundi letu la WhatsApp hakuna tena anayemsikiliza mwenzake.

Jumatatu iliyopita niliwahi kiwanjani, saa 9 na robo alasiri. Winga wangu wa kushoto alikuwa keshafika, kakaa nyuma ya goli la upande wa minazi. Akasimama, "Shikamoo kocha", nikampa mkono. Vidole vyake vilinuka majani ya mlimau. Aliyekulia mitaa hii hahitaji kuelezwa, mtoto hasugui vidole kwa mlimau ila kuna harufu nyingine anataka kuiua. Nikamwuliza, "Umevuta?" Hakukataa. Akaingiza mkono kwenye soksi, akatoa kipande cha msokoto kifupi kama kucha ya dole gumba, akaniwekea kiganjani kama mtoto anayerudisha chenji ya dukani.

Jioni hiyohiyo nilimpeleka kwa bibi yake anayemlea, kisha nikamweleza mwenyekiti, maana sikutaka kuficha. Mapendekezo mpaka sasa ni kwamba afungiwe maisha, jina lake lisomwe mbele ya wachezaji wote, na timu nyingine za ndondo zipewe taarifa zisimchukue.

Napinga. Napinga kwa sababu adhabu hiyohiyo nimewahi kuitoa mimi mwenyewe.

Mwaka 2016 nilikuwa na kipa wa miaka 17. Alikutwa na wenzake wawili wasio wa timu yetu, wanapuliza jani nyuma ya ukuta wa shule. Nikaita timu nzima, nikasoma jina lake, nikamwambia arudishe vifaa. Njumu zilikuwa za timu. Alikaa chini, akafungua kamba polepole, akazigonganisha kutoa mchanga, akaziweka miguuni pangu, akaondoka pekupeku. Hakuna aliyesema neno. Nikarudi nyumbani naamini nimewaokoa wale 20 waliobaki.

Mazoezi yetu ni saa 10 hadi saa 12 jioni, siku 5 kwa wiki. Saa hizo mbili kijana yule akazihamishia maskani. Kule akakuta watu wazima, na wale hawakuwa na bangi peke yake. Mwaka haukuisha, akawa anatumia unga, yaani heroini. Leo amepata nafuu, namshukuru Mungu, anakunywa methadone yake, ile dawa ya kutibu waliozoea unga, kila asubuhi, na tukikutana barabarani bado ananiita kocha. Ile "kocha" yake inanichoma kuliko angenitukana.

Sisemi mimi ndiye niliyempa unga. Nasema alikuwa na mahali pa kwenda kuanzia saa 10 hadi saa 12, na mimi nikampokonya.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba adhabu iguse mechi, isiguse mazoezi. Akose michezo 3, asivae jezi, asikae hata benchi. Lakini mazoezini aje kila siku, tena awe wa kwanza kufika. Aende na bibi yake kuonana na mshauri hospitali. Akirudia, michezo 6. Akiwauzia wenzake au kuwapelekea, hapo sitamtetea.

Naombeni maoni yenu, hasa wenye watoto wanaocheza.

#2 Baba wa Pacha

Kocha, nakuheshimu kwa kazi unayoifanya bila mshahara, lakini hapa sikubaliani nawe.

Nina pacha wa kiume wa miaka 14, wanacheza timu kama yako. Hao hawamwangalii kocha, wanamwangalia winga. Winga akinyoa kiduku, wiki inayofuata nyumbani kwangu kuna viduku viwili. Sasa winga akivuta bangi halafu akarudi baada ya mechi 3, wanangu watakuwa wameshajua bei yake. Mechi 3 mtu anaweza kuzilipa.

Tena bangi nchi hii ni jinai. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haimwulizi mtu anacheza namba ngapi. Udongo uwahi ungali maji. Huyo ana miaka 16, ndiyo kwanza maji hayajakauka, tumwonee huruma ya nini mpaka akauke?

Habari ya kipa imeniumiza. Lakini wale 20 waliobaki mbona hukutuambia waliishia wapi? Huenda kweli uliwaokoa.

#3 Kocha wa Mchangani

Baba wa Pacha, swali lako ni la haki.

Wengi wako salama. Kuna fundi umeme, kuna wanaoendesha bodaboda, mmoja ni mwalimu Korogwe. Lakini baada ya siku ile hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia tena jambo zito. Waliojua nani anavuta walinyamaza. Wawili katika haohao 20 nilikuja kuwagundua baadaye kabisa, wakati neno langu halina tena kazi kwao.

Huyu wa sasa amenitolea msokoto mwenyewe kwenye soksi. Angeweza kusema ni mlimau tu. Akifungiwa maisha, hawa wengine watajifunza kwamba kosa lake lilikuwa kusema kweli.

#4 Muuguzi Mstaafu

Naomba niingie kidogo, maana naona wengine wanaichukulia bangi kama sigara na wengine kama unga. Si hiki wala kile.

Ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa mpaka kwenye miaka 25 hivi. Ndiyo maana anayeanza bangi akiwa na miaka 15 au 16 hayuko sawa na anayeanza akiwa na 30. Kwa wanaoanza utotoni, makadirio yanayotumika sana ni kwamba takribani 1 kati ya 6 hufikia kuwa tegemezi. Kumbukumbu inadhoofika, darasani anasahau, na kwa anayevuta sana, hasa kama kwenye ukoo kuna ugonjwa wa akili, hatari ya kuchanganyikiwa inaongezeka. Kwa hiyo Baba wa Pacha ana haki ya kuogopa.

Lakini kuna jambo lazima niwatahadharishe wenye kamati. Siku hizi watu wananunua vile vijiti vya kupimia mkojo, wanawapima vijana mstari mzima. Bangi inajificha kwenye mafuta ya mwili. Mtu anayevuta mara kwa mara anaweza kuonekana hata wiki 4 baada ya kuacha. Kijiti kinakwambia amewahi kuvuta, hakikwambii ni jana au mwezi uliopita. Utamfukuza aliyeacha tangu likizo, na aliyekunywa gongo jana usiku atapita hapo msafi.

Kocha, umemwuliza kwa nini anavuta? Nimekaa na vijana wengi wa namna hiyo. Ukimwuliza kwa ukali atakwambia "makundi tu". Mwulize siku nyingine, mkiwa mnatembea, usimtazame usoni.

#5 Mfuatiliaji wa Riadha

Wakuu, mbona tunalijadili kama jambo hili halina kanuni? Shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, WADA, lina orodha, na bangi imo. Mwaka 2022 walikaa wakaipitia upya, kelele zilikuwa nyingi iondolewe, wakaamua ibaki kwenye orodha ya 2023.

Kilichozusha kelele hizo ni habari ya Sha'Carri Richardson wa Marekani. Juni 2021 alishinda mita 100 kwenye mchujo wa Olimpiki kule Oregon, sekunde 10.86. Kipimo kikaonyesha bangi. Kule Oregon bangi ni halali kwa mtu mzima, naye alikuwa na miaka 21. Alieleza kwamba aliambiwa na mwandishi wa habari kuwa mama yake mzazi amefariki, akavuta kuzuia maumivu. Pamoja na hayo yote akafungiwa siku 30, ushindi wake ukafutwa, Tokyo akaitazama kwenye televisheni. Mwaka 2023 Budapest akawa bingwa wa dunia kwa sekunde 10.65. Ukali haukumuua.

Na wewe kocha unayetaka kijana aje mazoezini, kwa kanuni hizohizo aliyefungiwa haruhusiwi kufanya mazoezi na timu yake mpaka adhabu iwe ukingoni.

#6 Kocha wa Mchangani

Ndugu yangu, asante, umenisaidia kuliko ulivyokusudia.

Tangu mwaka 2021 kanuni hizohizo zinasema mchezaji akithibitisha kwamba alivuta nje ya mashindano na haikuwa kwa ajili ya kushinda, adhabu ni miezi 3, na akikubali kupata tiba inashuka mpaka mwezi 1. Ndiyo ile Sha'Carri aliyopewa. Kitabu kikali kuliko vyote duniani kinampa mwanamke mzima, mwenye kocha wa kulipwa na mkataba wa viatu, mwezi 1. Kamati ya mtaa wetu inataka kumpa mtoto wa kidato cha 3 maisha yake yote.

Kuhusu mazoezi, Sha'Carri akizuiwa kiwanja kimoja ana vingine 10. Wangu akitoka pale ana maskani tu. Kwa hilo siwezi kuifuata kanuni ya watu wa Olimpiki neno kwa neno.

Muuguzi, shikamoo. Nimefanya ulivyosema. Nilitembea naye jana mpaka karibu na Barabara ya 12. Kanijibu bila kunitazama. Kuna kaka mmoja maskani alimwambia bangi inaongeza pumzi na kutoa woga. Majaribio ya timu ya wilaya ya UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, yanakaribia, naye anaogopa mabeki wa kidato cha 6. Na akaniambia anaogopa ninavyomfokea akipoteza mpira. Hilo la mwisho nalichukua, ni langu.

#7 Mfuatiliaji wa Riadha

Hapo kocha umejifunga mwenyewe. Ile miezi 3 ni kwa aliyevuta bila nia ya kucheza vizuri. Wako amekwambia anavuta apate pumzi. Kwa kanuni, huyo alikusudia kujiongezea uwezo, na adhabu inapanda, inaweza kufika miaka. Usimwonee huruma kwa kifungu kisichomhusu.

#8 Muuguzi Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Pumzi haiongezi. Mapigo ya moyo yanapanda kabla hata mtu hajaanza kukimbia, moshi unakwangua mapafu, na macho yanachelewa kuuona mpira. Anajiona mwepesi kwa sababu anayempima ni yeye mwenyewe. Huyo kijana hakuongezewa kitu, amedanganywa, na aliyemdanganya ni mtu mzima mwenye bidhaa ya kuuza. Mwambieni hivyo, tena mwambieni mbele ya wenzake wote bila kutaja jina lake, kwa maana wenzake wameambiwa maneno hayohayo.

Mfuatiliaji, soma tena. Ilikuwa Jumatatu, kabla ya mazoezi. Hakukuwa na mechi. Na kanuni unazozitaja zinakataza bangi wakati wa mashindano, si siku zote. Ndiyo sababu mwaka 2013 walipandisha kiwango cha kumtia mtu hatiani kutoka nanogramu 15 hadi 150 kwa mililita, ili wasimkamate aliyevuta siku nyingi nyuma au aliyekaa karibu na moshi.

#9 Nahodha wa Zamani

Sisi tuliocheza mchangani miaka ile Coastal Union ya Tanga inachukua ubingwa wa ligi, 1988, dawa ilikuwa fimbo. Unachapwa, unafukuzwa, baba anaambiwa, unachapwa tena. Nimekaa hapa kibarazani nawahesabu tuliofukuzwa nao. Watano. Aliyerudi kwenye mpira hakuna. Wawili nimewazika. Na kuvuta hawakuacha.

#10 Mwalimu wa Netiboli

Kaka yangu Kocha, mimi nataka niseme juu ya jambo ambalo wote mmelipita, la kusoma jina.

Nilikuwa na mfungaji, msichana wa kidato cha 2. Alishukiwa, wala hakukutwa na kitu. Jina likasomwa mstarini asubuhi, shule nzima inasikia. Siku ile hakulia. Alisimama wima, mikono nyuma, mpaka kengele. Kesho yake hakuja. Sketi yake ya netiboli ilikaa kwenye kabati langu mpaka mwaka ukaisha, nimeifua, nimeipiga pasi, hakuja kuichukua. Kwa msichana tena ni balaa zaidi, maana mtaani jina la bangi halikai peke yake, linaitwa na majina mengine, na hakuna mtu wa kuja kumposa kwao.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Hao WADA nao, mchezaji akiwa mtoto, hawalazimishi jina lake kutangazwa. Sasa sisi tunaoishi naye mlango kwa mlango, tunaojua bibi yake anakaanga mihogo wapi, ndio tutangaze?

Mfungieni mechi mnazotaka. Jina liacheni.

#11 Baba wa Pacha

Nimesoma yote, nimelala nayo, nimeamka nayo.

Kwenye maisha nimerudi nyuma. Maisha ni mengi kwa mtoto. Lakini kocha, nawe rudi nyuma kidogo, mechi 3 ni chache. Na nina masharti ya mzazi.

Kwanza, mbona kanuni hii haikuandikwa kabla? Kila kocha anahukumu kwa hasira yake au kwa huruma yake. Wewe 2016 ulikuwa na hasira, leo una huruma, na watoto wote wawili walifanya kosa lile lile. Hiyo si haki hata kama leo umepatia. Andikeni kwenye karatasi moja, msimu haujaanza, mzazi asaini na mtoto asaini. Wanangu nitasaini usiku huohuo.

Pili, huyo kaka wa maskani. Kamati nzima inakaa Jumamosi kumjadili mtoto, na aliyemuuzia tunampita tukienda sokoni tunamwambia habari za asubuhi. Kama kuna mtu wa kupelekewa ile sheria ya 2015, ni yule.

Hapo nitakuunga mkono. Na huyo kijana mwambie pacha wangu wanamjua, wanamwita kwa jina la yule winga wa Coastal. Ajue anatazamwa.

#12 Mfuatiliaji wa Riadha

Mimi bado naona mnalegeza. Huruma ya leo inaweza kuwa msiba wa timu nzima kesho. Ila hoja ya kuandika kanuni kabla naikubali, riadha wameendelea kwa sababu ya hilo. Na Muuguzi, nimekubali makosa yangu juu ya siku ya mashindano.

#13 Kocha wa Mchangani

Mrejesho, wakuu. Kamati ilikaa jana kuanzia saa 2 usiku, tukatoka saa 5.

Kura zilikuwa 5 kwa 4. Kafungiwa michezo 5, mimi nilitaka 3. Jina halitasomwa. Mazoezi anaruhusiwa, kwa sharti kwamba akikosa siku hata moja bila bibi yake kutoa taarifa, suala linarudi mezani. Hospitali wanaenda Jumanne asubuhi, bibi ameshamwomba jirani amshikie meza ya mihogo. Kanuni ya maandishi tumepewa wiki 2 kuiandika, na nimeomba mzazi mmoja awemo. Baba wa Pacha, nitakutafuta faragha.

Juu ya yule kaka wa maskani, wajumbe wawili wamekubali kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wengine waliinamisha vichwa. Ni jirani yao.

Kuna lililoniuma. Majaribio ya wilaya yanaangukia ndani ya wiki za adhabu, na kamati imekataa kumwandikia barua ya kwenda. Nilibishana sana hapo, nikashindwa. Mwaka huu hatakwenda, na mwakani atakuwa na miaka 17, nafasi ni finyu. Nilimweleza mwenyewe nyumbani kwao. Hakusema kitu, akaenda kuteka maji ambayo hakuna aliyemtuma.

Muuguzi, leo kabla ya mazoezi niliwaambia wote habari ya pumzi kama ulivyoshauri. Wavulana sita waliinamia kamba za njumu zao. Nimewahesabu, na sitamwambia mtu.

Yeye alifika saa 9, kabla yangu. Nilipomkaribia kumpa mkono akanyoosha viganja vyote viwili ninuse, sijamwuliza. Vilinuka mafuta ya mihogo. Nikampa pampu, mipira miwili ilikuwa imeisha upepo.